Picha za Tiwi Zimeoshwa

Mpiga Picha hakuwahi kufika tatu. Alikuwa akikukalisha mbele ya pazia la buluu, anakunyoosha kola, anakuambia uache kupumua kama mtu aliyepanda ngazi, halafu anahesabu: moja, mbili, na kamera inalia papo hapo kwenye mbili, wewe ukiwa bado unatafuta uso wa kuvaa. Alisema mtu akisubiriwa mpaka tatu huwa ameshaanza kudanganya. Ndiyo maana ukiingia nyumba nyingi za Ziwani, mtaa wetu wa Nairobi, utaona ukutani mabibi harusi, wahitimu na wazee wa kanisa, wote midomo nusu wazi, kama watu walioulizwa swali ambalo hawakulisoma. Vijana walipomgundua wakaanza kujiandaa kwenye mbili. Naye akahamia kwenye moja.

Jina lake nalijua, ila sijawahi kulitumia, na nikilitumia sasa nitahisi nasimulia habari za mtu mwingine. Kila mtu alimwita Mpiga Picha, hata mchungaji akiwa madhabahuni. Aliishi mlango uliofuata wetu, ukuta mmoja, kiasi kwamba akikohoa usiku baba yangu alimwambia pole bila kuinuka kitandani. Studio yake ilikuwa mtaa wa Huruma, katikati ya saluni na duka la mitungi ya gesi. Nimemjua tangu nilipokuwa nainuliwa juu ya stuli ili nionekane kwenye picha. Pamoja na hayo, ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitababaika. Nimejaribu kumpanga kichwani mara nyingi na hapangiki.

Nianze na uongo wake, maana ndio uliotusumbua. Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Ukimpigia simu alikuambia amekaribia kufika, nawe unaisikia redio yake kupitia ukutani. Picha zako zilikuwa tayari kesho, na kesho yake zilikuwa tayari kesho. Aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba picha za ubatizo bado zinakauka, na mama huyo akamuuliza, kwa upole tu, ni maji gani hayo yanayoingia kwenye kompyuta. Mpiga Picha akacheka mpaka akaegemea mlango. Hakuwa na haya hata kidogo ukimkamata, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumkamata.

Lazima nieleze kuhusu kuosha. Kwetu Eastlands picha huoshwa. Filamu zimekwisha, dawa zimekwisha, chumba cha giza sikumbuki mara ya mwisho nilikiona lini, lakini ukitaka picha itoke kwenye simu iwe karatasi bado unasema unaenda kuiosha. Swali ambalo Mpiga Picha aliulizwa kuliko lolote duniani ni hilo: zimeoshwa? Akijibu bado, unarudi nyumbani. Akijibu kesho, unarudi nyumbani pia. Lakini akisema zimeoshwa, hapo ulijua ni kweli, unanyoosha mkono na unapewa bahasha. Katika neno hilo moja hakuwahi kumdanganya mtu.

Kisha kulikuwa na koti. Kila studio ya mtaa ina koti la wateja, jeusi, la mabega mapana, na la kwake lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango pamoja na tai iliyofungwa tayari, ya kuingiza kichwa kama mkufu. Ukija kupigwa picha ya pasipoti au ya kadi ya kazi unalivaa juu ya chochote ulichokuja nacho, hata kama chini ni kaptura na ndara. Fundi wa magari alilivaa, mwalimu wa nasari alilivaa, mimi nililivaa nilipokuwa naomba kazi yangu ya kwanza na mikono yake ikanifunika vidole. Lilinuka marashi ya watu wengi na halikuwahi kuona maji. Nusu ya Ziwani iliajiriwa na koti lile.

Baba yangu naye alilivaa mara moja. Alikuwa karani katika ofisi za jiji, mtu wa shati la mikono mifupi maisha yake yote, na alipokaribia kustaafu alitakiwa kupeleka picha. Mama alipoiona alicheka sana. Alisema ameolewa na karani na sasa ameletewa mtu wa benki. Wakati huo kilikuwa kichekesho tu, tukaiweka kwenye droo na vyeti.

Jambo jingine ni alfajiri. Mpiga Picha aliamini alfajiri kuliko alivyoamini mahubiri, na nasema hivi nikijua aliimba besi katika kwaya yetu. Jua la adhuhuri, alisema, linamfanya kila mtu aonekane amekamatwa. Yeye alitaka mwanga wa jua likiwa bado linapiga mswaki. Kwa hiyo aliamka kabla ya jogoo na muadhini, akafanya kazi yake, halafu akalala popote alipokuwa: studioni, kwenye benchi la saluni, kanisani mara tu mchungaji alipofungua kinywa.

Kuna bibi harusi wa Huruma aliyemtoa kitandani alfajiri akampandisha juu ya paa la ghorofa, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, na gauni lake lote jeupe. Mama wa bibi harusi alimfuata ngazi zote akimlaani. Picha ile ni nzuri hata leo inanishinda kueleza. Mwanga ule ulifanya mpaka matangi yakapendeza. Lakini baada ya hapo Mpiga Picha alikwenda studioni kujipumzisha kidogo, usingizi ukamchukua, na watu wakavishana pete bila yeye. Albamu ya harusi ile ina paa, ina keki, haina ndoa. Sasa mtu kama huyo unamsifu au unamshtaki? Mama wa bibi harusi mwenyewe alishindwa kuamua. Aliitundika ile picha ya paa sebuleni, na hakumsalimia Mpiga Picha kwa muda mrefu sana.

Na huyo huyo asiyetimiza kesho alikuwa na ukuta mzima wa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Watoto, vijana, wapenzi ambao pengine hata hawaongei tena. Hakutupa hata moja. Nilimuuliza siku moja kuhusu mzee fulani ambaye nilijua alikuwa amekufa, tena Mpiga Picha mwenyewe alikwenda mazishini. Akasema jamaa zake wanajua ilipo. Na miezi hiyo hiyo mimi nilikuwa namdai picha zangu za mahafali.

Hapo ndipo Tiwi inapoingia.

Baba alipostaafu alitangaza kwamba Desemba ile hatuendi nyumbani Bungoma. Anataka kuiona bahari. Kwa watu wetu hilo si jambo dogo. Desemba ni ya nyumbani, unakwenda kuonekana, kugawa sukari na kusikiliza malalamiko ya shamba. Ami yangu alipiga simu akauliza kama kuna ugonjwa. Baba akamwambia hakuna ugonjwa, kuna bahari tu, na mtu asifikie kustaafu akiwa anaijua kwa picha za kalenda tu. Kisha akagonga ukuta, akamwita Mpiga Picha, akamwambia ajiandae tunakwenda naye. Alisema akienda bila picha, ndugu zake watasema alikuwa amejificha Huruma.

Kwa hiyo naomba ieleweke kwamba picha zile hazikuwa pambo. Zilikuwa ushahidi.

Tulikwenda kwa treni, Baba, Mama, mimi, mdogo wangu Wafula na Mpiga Picha. Tulikodi nyumba ndogo huko Tiwi, kusini mwa Mombasa, yenye uwanja wa mchanga na miti ya mivinje, na kutoka barazani ulisikia maji. Asubuhi ya kwanza, kukiwa bado kijivu, milango yote ikagongwa. Mpiga Picha alisema simu zote zibaki ndani, hataki mtu wa kumchanganyia kazi. Tukatoka tukipepesa macho. Akatupanga ufukweni, halafu yeye mwenyewe akaingia majini na suruali yake, akatugeukia, akatupiga picha sisi tukitazama bahari na nyuma yetu tukiwa na uzio wa nyumba ya watu.

Baba aliangalia nyuma, akaangalia mbele, akauliza bahari itaonekana wapi. Mpiga Picha akajibu kwamba jua linatoka upande ule, kwa hiyo nyuso ndizo zitakazoonekana, na kwake uso ni kwanza.

"Mzae, hii ni nini sasa?" Wafula akamwambia Mpiga Picha kwa Sheng yake. "Tumekam Coasto yote tupigwe picha na fensi?"

Walibishana kila asubuhi, Baba na yeye, na hakuna aliyeshinda. Baba alitaka maji nyuma yake, mengi, yasiyo na shaka. Mpiga Picha alisema kila mtu wa bara anarudi na picha ya kivuli cheusi kimesimama mbele ya maji, na watu wa nyumbani wanaambiwa huyo ni fulani wanakubali kwa adabu. Mimi sikujua nimuunge mkono nani. Wafula aliiba simu akajipiga picha zake kwa siri, na katika zote Baba yumo kama kiwiko, ila katika moja kama sikio. Baba hakupenda picha za simu. Ukimwelekezea aliinua kiganja mbele ya uso kama anayezuia mbu.

Asubuhi ya mwisho Mpiga Picha alitugonga mapema zaidi. Alikuwa amewaza usiku, akagundua kwamba kabla jua halijachomoza kuna muda mfupi ambapo mwanga hauna upande. Baba atapata bahari yake na yeye atapata nyuso zake. Baba akafurahi, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Mama hakuwa ameyagusa maji siku zote zile. Aliyaogopa na hakuficha. Baba akamnyooshea mkono, naye akaingia, ndara zake zikiwa juu hewani kama mtu anayevuka mto na mtoto. Likaja wimbi, wala halikuwa kubwa, likamlowesha hadi kiunoni. Mama akamwita marehemu mama yake kwa Kibukusu.

Baba akacheka. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimemwona akicheka maisha yangu yote, lakini alikuwa anacheka kama karani, kwa kiasi. Siku hiyo alicheka mpaka akamshika Mama bega ili asianguke. Mpiga Picha hakuhesabu moja wala mbili. Kamera ililia, ikalia tena, halafu akaishusha akasema, "Hiyo sasa ndiyo."

Tuliporudi alibadilisha nguo akalala barazani, kama kawaida yake. Mama hakuweza kukaa bure hata likizoni. Alisema chumvi inakula nguo, akakusanya nguo zote zilizolowa, zetu na za Mpiga Picha, akajaza beseni. Mama yangu alilelewa mtoni. Akikamua suruali, inalia, na jua linabaki na kazi ndogo sana.

Akapita mama wa pale kijijini anayeuza mahamri, akamuuliza Wafula mwenye nyumba yuko wapi. Wafula akamwambia mathe yuko nyuma anaosha nguo. Mama yule akasimama, akaona ni heri amfundishe.

"Nguo hufuliwa, mwanangu. Huoshwa vyombo, na maiti."

Baba, aliyekuwa kitini, alilipenda neno hilo. Akamuuliza, na picha je? Yule mama akasema kwao picha husafishwa. Baba akalirudia siku nzima kila alipokutana na mmoja wetu: nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, picha husafishwa. Sehemu ile nyingine hakuirudia.

Mpiga Picha alipoamka alikwenda kwenye kamba iliyofungwa kati ya mivinje, akasimama mbele ya suruali yake. Alisimama muda mrefu. Nilimuuliza amepoteza nini. Akaniambia anashangaa tu jinsi mama yangu anavyokamua nguo. Hakula mchana, na kwenye treni hakusema neno. Tulidhani ni homa.

Baba alifariki kabla ya Pasaka. Aliamka akasema kifua kinambana, na tulipofika hospitali wakatuambia tumechelewa. Siandiki zaidi ya hapo.

Kwetu mtu hazikwi bila picha. Inapanuliwa, inatiwa fremu, mjukuu au mpwa anaibeba mbele ya jeneza, na wote waliokuja wanajua ni nani wanayemlilia. Mama aliniita chumbani, akaniambia niende Huruma kwa Mpiga Picha. "Mwambie tunataka ile ya majini," akasema. Hakuwa amelia bado. Nilielewa kwamba anaingoja picha ile kwanza.

Nilimkuta ameketi kwenye stuli ya wateja. Nikamuuliza kama picha za Tiwi zimeoshwa.

"Zimeoshwa," akasema.

Nikanyoosha mkono. Hakuinuka. Nikamuuliza ziko wapi, akarudia tu kwamba zimeoshwa, safari hii akiangalia sakafu. Kisha akageukia kompyuta, akatafuta ile picha ya koti, akaipanua, akaitia fremu kwa mikono yake bila kuniangalia, akanipa. Nilichanganyikiwa kiasi kwamba nilisema asante.

Basi Baba akaingia Bungoma akiwa amevaa koti la studio na tai ya kuingiza kichwa. Ami yangu aliuliza mbele ya watu, tunasikia alikwenda baharini, picha ziko wapi? Mpiga Picha alikuwa pale, amekuja na kamera yake, akipiga picha za jeneza na za kwaya na za watoto juu ya miti, na nilimwona akijifanya hakusikia. Mama alipoletewa ile fremu aishike kwa picha ya familia alikataa. "Huyu si mume wangu," akasema. "Hilo ni koti la watu." Tuliporudi Ziwani aliisukuma nyuma ya kabati, uso ukitazama ukuta, na huko ikakaa.

Miaka iliyofuata ndiyo inayonisumbua zaidi. Kila Mama alipokutana na Mpiga Picha, penye bomba la maji, langoni mwa kanisa, mlangoni tu akitoa takataka, alimuuliza picha zimeoshwa? Naye alijibu, akimwita kwa jina langu, zimeoshwa, Mama Nekesa. Basi. Hakuna aliyepaza sauti. Ikawa kama salamu yao. Kisha Mama anarudi ndani anampakulia ugali na omena, anafunika sahani, ananituma nimpelekee.

Mimi nilikuwa na hasira naye, na naisema hivyo hivyo. Nilimwona mwizi. Nilidhani ameziuza kwa watu wa kalenda, kwamba mahali fulani baba yangu anacheka ukutani kwa watu wasiomjua. Wafula alisema mzae ametuchezea, na akaacha kumsalimia. Lakini Mpiga Picha huyo huyo ndiye aliyekuja kupanda juu kuziba bati letu lilipovuja, na alipomaliza akakaa chini ya ile sehemu mvua iliponyesha, ili aone. Nikawa sijui nimkasirikie vipi. Naanza vizuri asubuhi, na jioni namkuta amembebea Mama mtungi wa gesi kutoka Huruma.

Mama naye alibadilika kidogo. Akawa hafui suruali ya mtu bila kugeuza mifuko yote nje, akiipigapiga kama polisi kwenye kizuizi cha barabarani. Wafula alilalamika kwamba hawezi tena kuwa na siri katika nyumba ile. Tulicheka, tukasema ni uzee.

Simu ziliimaliza studio. Mwanzoni mwa mwaka huu Mpiga Picha aliifunga, akahamia mtaa wa Lucky Summer kwa binti yake, na baadaye tukasikia mguu wake unamsumbua, hatembei vizuri. Mama akasema twende tukamwone, tena twende mapema, kabla jua halijachafuka. Hayo yalikuwa maneno ya Mpiga Picha, ila Mama aliyasema kana kwamba ni yake. Nilikwenda kwa ajili yake tu.

Tulimkuta ameketi karibu na mlango, mguu umewekwa juu ya stuli ya wateja. Vitu vingi vya studio vilikuwa vimeuzwa. Pazia la buluu lilikuwa limegeuka pazia la dirisha, na koti lilikuwa nyuma ya mlango, kwenye msumari mpya. Binti yake akatupa chai akaenda sokoni. Tukazungumza habari za mguu, za kanisa, za nani amehama. Kisha Mama akauliza, kama kawaida.

"Picha zimeoshwa?"

"Zimeoshwa, Mama Nekesa."

Mama akaweka kikombe chini. "Hazikuoshwa," akasema. "Zilifuliwa. Mimi ndiye niliyezifua."

Nilimwangalia Mama, nikamwangalia Mpiga Picha. Nilidhani nimesikia vibaya. Mpiga Picha akawa anausugua mguu wake, halafu akauliza nani amemwambia.

"Mkono wangu. Nilikuwa nakamua suruali yako, kitu kikavunjika ndani. Nikadhani kifungo. Nilipokuona umesimama pale kwenye kamba nikajua si kifungo."

Ilibidi Mpiga Picha aanze kunieleza mimi, maana wao wawili hawakuwa na haja ya maelezo. Asubuhi ile mkoba wa kamera ulikuwa umejaa mchanga, akaogopa kuitia humo kadi ya picha aliyoitoa kwenye kamera. Akaitia mfukoni, akiwa na nia ya kuihamisha akishabadilisha nguo. Halafu akalala. Alipoitafuta kwenye kamba aliikuta mfukoni, imevunjika vipande viwili, safi kabisa, inanukia sabuni. Siku zote za Tiwi zilikuwa humo.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilitaka kumuuliza kwa ukali lakini sauti ilitoka ndogo.

"Siku ile ingekuwa mzaha, Nekesa. Baba yako angecheka. Nikasema nitawaambia tukifika, nikaahirisha, unanijua. Halafu akafa." Akamtazama Mama, akaangalia pembeni. "Sasa ukija kuniuliza picha ya jeneza, nikwambie ni mikono ya nani?"

Nikamgeukia Mama. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa anamuuliza miaka yote hii?

"Nilitaka anitukane, tuyamalize," Mama akasema. "Kila nikimuuliza ananijibu vizuri. Ningefanya nini? Nikawa namuuliza tena."

Nilikaa pale na chai inapoa. Nilitaka kucheka, na hasira yangu yote ikawa haina pa kwenda. Miaka yote hiyo nilikuwa nimembebea Mpiga Picha kosa ambalo yeye mwenyewe alikuwa anambebea mama yangu, na mama yangu alikuwa analiomba arudishiwe. Mpaka leo sijui ni nani kati yao aliyemtesa mwenzake na nani aliyemhurumia. Nikijaribu kuwapanga wanabadilishana nafasi. Na ile picha haipo, hilo halikubadilika. Baba hacheki mahali popote ila kichwani mwetu, na kichwani mwangu ameanza kusahau ameshika bega lipi.

Mama akainuka. Nikadhani tunaondoka. Akaenda nyuma ya mlango, akalitoa koti kwenye msumari, akalileta puani, akakunja uso.

"Hili nalichukua," akasema.

"Unalipeleka wapi?" Mpiga Picha akauliza.

"Kulifua. Mume wangu amelivaa miaka yote hii na halijawahi kufuliwa."

Mpiga Picha akasema koti kama lile likiingia majini litanywea. Mama akaketi tena. Alilitandaza kwenye magoti yake pale mbele yake, kwenye mwanga wa mlangoni, akageuza mfuko wa kulia ukatoka nje, akageuza wa kushoto, kisha akaingiza vidole katika ule mdogo wa ndani ambao hata mimi niliyelivaa sikujua kama upo. Akauvuta nao, akamwinulia koti lote alione.

Mpiga Picha aliangalia mfuko mmoja mmoja, polepole, bila haraka yoyote.

"Haya," akasema. "Sasa fua, Mama Nekesa."